Miguu Mipya ya Mzee

Juzi nilijibanza kwenye kivuli cha duka la vipuri pale Ngokolo, mjini Shinyanga, nikisubiri jua lipungue, harufu ya tairi mpya ikanipata. Zilikuwa zimetundikwa mlangoni, bado zina vile vinyweleo vya mpira ambavyo barabara huvimaliza mapema sana. Mwenye duka akaniuliza, "Dada, unatafuta saizi gani?" Nikamwambia sitafuti kitu. Lakini nilikuwa nimeshika kinyweleo kimoja kati ya vidole viwili, nakivuta, na sikuona namna ya kumweleza kijana wa watu kwamba harufu ile kwangu ni ya baba yangu akiwa bado hai.

Kwetu ni Kishapu, mbugani, kwenye udongo mweusi ambao wakati wa mvua hung'ang'ania miguu na wakati wa kiangazi hupasuka nyufa za kumeza kisigino. Baba alikuwa mchimbaji mdogo wa dhahabu upande wa Geita. Alikaa huko muda mrefu, akishuka kwenye maduara, yale mashimo marefu ya wachimbaji, na alipopata nafasi alirudi nyumbani kwa pikipiki. Pikipiki yenyewe aliinunua kwa bwana shamba mmoja aliyestaafu, na ilikuwa imezeeka tayari: tangi jekundu lililopauka likawa na rangi ya kichuguu, ringi nyembamba za spoku, kiti kilichoshonwa kwa uzi wa viatu. Baba aliiita Mzee. Mama naye alimwita baba Mzee, kama wanawake wengi wanavyowaita waume zao. Mlio ulipoanza kusikika kutoka ng'ambo ya korongo, mama alisema, "Mzee anakuja," na mimi sikuwahi kujiuliza anamsema yupi. Sikuona tofauti.

Siku moja Mzee alikuja lakini mwendeshaji hakuwa baba. Alikuwa baba mdogo Ngasa, ambaye alikuwa akichimba pamoja na baba. Alizima injini akabaki amekaa juu ya kiti. Mikono yake ilikuwa imefungwa vitambaa mpaka kwenye ncha za vidole. Mama alikuwa anapepeta choroko uani.

"Shemeji," baba mdogo alisema, "kaka yuko hai."

Hayo ndiyo maneno aliyoanza nayo, na mama akaangusha ungo.

Duara lilikuwa limetitia. Kifusi kilimfunika baba kuanzia kiunoni kwenda chini, na baba mdogo akamfukua kwa mikono kwa sababu kutumia sururu kungemjeruhi zaidi. Kucha zake zilibaki kwenye mawe. Baba alikaa hospitalini mpaka nikaanza kusahau sauti yake, halafu wakamrudisha kwa gari la mizigo, amelazwa juu ya godoro, amekonda, ndevu zimemjaa.

Watu waliokuja kumwona walisema kwa sauti ya chini kwamba miguu imekufa. Niliyasikia maneno hayo na sikuyaamini hivi hivi. Nilingoja mama aende lamboni kuchota maji, nikaingia ndani, nikashika kidole gumba cha mguu wa baba. Kilikuwa na joto. Baba alikuwa anatazama bati za paa na hakujua kama nimemshika. Mimi nilikwisha kumshika kuku aliyekufa, nikajua kitu kilichokufa huwa cha baridi. Nilitoka mle ndani nikiwa na hakika kwamba wakubwa wamekosea.

Hospitali walitaka awe anarudi mjini Shinyanga mara kwa mara, asafishwe vidonda vya kulala vilivyomtoka chini ya mgongo na afanyishwe mazoezi ya viungo. Basi lilipita mbali na kwetu, na halikuwa na mahali pa kumweka mtu asiyeweza kusimama. Gari la kukodi lilikuwa jambo la watu wengine. Ndipo mama alipoamua kujifunza pikipiki.

Baba alimfundisha akiwa amekaa barazani, kwenye kiti cha mbao kilichozungushiwa mito. Mama alivaa suruali ya baba ndani ya kanga, akajifunga kilemba mpaka karibu na macho.

"Klachi unaiachia taratibu, kama unavyomlaza mtoto aliyesinzia," baba alimwambia. "Usiitupe."

"Siitupi. Yenyewe inaruka."

"Na usiangalie tairi. Angalia unakokwenda."

Mama aliangalia anakokwenda, akaingia nayo kwenye kichanja cha vyombo. Sufuria zikatawanyika uani kote. Baba akacheka, kwa mara ya kwanza tangu arudi, akacheka mpaka akashika ubavu. Mama aliinuka, akajipangusa vumbi, akaanza kuokota sufuria moja moja. "Cheka tu," alisema. "Siku nikikubeba utanyamaza."

Alinyamaza kweli. Safari ya kwanza mama alimfunga mgongoni kwake kwa vitenge viwili, kimoja kifuani na kingine kiunoni, jinsi mwanamke anavyobeba mwanawe, na miguu yake akaifunga kwenye vikanyagio kwa kamba za mpira. Mimi niliachwa kwa jirani. Waliporudi jioni baba alikuwa ameuma kipande cha kanga. Mama alipokitoa mdomoni mwake kilikuwa kimetobolewa na meno, kina damu. Miguu ya baba haikusikia kitu, lakini pale mgongo ulipovunjika palisikia kila jiwe. Shokomzoba za Mzee zilikuwa zimevuja mafuta siku nyingi, springi zimechoka, na zile ringi nyembamba zilichukua kila shimo la barabara na kulipeleka moja kwa moja kwenye uti wa mgongo wake.

"Sirudi tena huko," baba alisema alipolazwa. "Kama ni kuoza, nitaozea hapa hapa."

Mama hakubishana naye. Siku ya mnada alimswaga ng'ombe wetu wa maziwa mpaka Mhunze, akarudi peke yake. Mimi nilichokiona ni kwamba tumeanza kunywa uji mtupu.

Baada ya hapo akaja Fundi Idi. Huyu alikuwa na gereji Mhunze, mtu mwembamba mwenye sauti kubwa, nadhani kwa sababu ya kushinda na injini. Alifika nikiwa jikoni napuliza moto, ukuta wa fito na udongo uko kati yetu, kwa hiyo nilisikia maneno bila kuwaona yeye na mama.

"Huyu Mzee moyo wake mzima kabisa," Fundi Idi alisema. "Nimeusikiliza. Ana miaka mingi mbele yake. Tatizo lake ni miguu."

"Hilo hata mimi naliona," mama akajibu.

"Miguu imekufa, Mama Kabula. Kuitibu ni kupoteza muda. Tuiondoe yote tumwekee ya kisasa. Kuna mmoja alipata ajali kule Nyahanga, mwili wote umekwisha lakini miguu imebaki mipya. Nitaifuata."

"Lakini itamkubali? Si ya aina yake."

"Tutakereza vyuma kidogo pale inapoungana. Itamkaa."

"Na atatembea vizuri?"

"Atatembea mpaka mshangae."

Niliacha kupuliza moto. Moshi uliniingia machoni nami sikusogea. Nikachungulia mlangoni, nikamwona Fundi Idi anaondoka na pikipiki yetu, na kwa akili yangu yote likawa limekamilika: ameifuata miguu ya baba, na kwa kuwa Nyahanga ni mbali, ilikuwa lazima aende kwa pikipiki.

Sikumwuliza mama. Lilikuwa jambo kubwa mno, nami niliogopa kwamba nikilisema litaharibika. Shuleni nilimwambia rafiki yangu mmoja tu, akaniuliza kama miguu ya mtu mwingine haitataka kurudi kwa mwenyewe, na swali hilo likanisumbua. Nilijiuliza pia kama itakuwa na rangi moja na baba. Nikaamua kwamba hata ikiwa myeupe kidogo, akivaa suruali haitaonekana. Jumapili kanisani nilimwombea yule wa Nyahanga aliyekwisha mwili wote, nikamwambia Mungu amshukuru kwa niaba yetu.

Halafu nikavitoa viatu. Baba alikuwa na viatu vyeusi vya ngozi alivyofungia ndoa, vinakaa chini kabisa ya sanduku la bati. Kila nilipotoka shule nilivifuta kwa kitambaa chenye mafuta ya kula, mpaka kanga za mama zilizokuwa humo sandukuni zote zikanuka mafuta na nikakemewa bila mtu kujua sababu.

Mchana mmoja nikasikia mlio ng'ambo ya korongo. Ulikuwa wa Mzee, ila mtulivu zaidi, hauna ule mtikisiko wa vyuma tuliouzoea. Fundi Idi aliingia uani akasimama, na pikipiki ikainama mbele kidogo na kuinuka polepole, kama inasalimia. Ringi za spoku zilikuwa zimeondoka. Mahali pake palikuwa na ringi nyeusi nene, kila moja ina mikono mitano, na tairi pana zisizo na mpira wa ndani, zinanuka upya hadi kwenye zizi. Mbele kulikuwa na foku nene zinazong'aa kwa mafuta, na nyuma shokomzoba mbili zenye springi nyekundu na vikopo vya gesi pembeni. Juu ya vyote hivyo tangi lilikuwa lile lile lililopauka. Mama aliizunguka, akabonyeza kiti kwa viganja, kikashuka na kupanda bila kelele, naye akacheka peke yake. Mimi nilipita hapo, nikagusa tairi, nikavuta kinyweleo kimoja kikanibakia mkononi. Lakini pikipiki sikuwa na haja nayo. Nilikuwa natafuta miguu imefungwa wapi.

Sikuiona, nikadhani imekwisha kuingizwa ndani. Nikachukua viatu nikakimbia kwa baba.

"Vya nini hivyo, mayu?" aliniuliza. Mayu ni mama kwa Kisukuma, na ndivyo alivyoniita siku zote.

"Vya kuvaa. Miguu imefika."

"Miguu gani?"

"Yako mipya. Fundi ameifuata Nyahanga. Alimwambia mama kwamba Mzee atatembea mpaka tushangae."

Baba alinitazama. Huko nje Fundi Idi alikuwa anaeleza jambo kuhusu breki na mama anamwuliza maswali. Baba akafumba macho, na alipoyafumbua aliongea taratibu, kila neno peke yake.

"Mayu. Mzee ni pikipiki."

"Na wewe?"

"Mimi ni baba yako."

Nilisimama pale na viatu vyangu kifuani. Sikulia, maana nilikuwa bado nafikiri. Nilikuwa nayarudia maneno ya fundi moja moja, na kila moja lilipogeuka likawa la pikipiki nilihisi kama mtu anapunguza taa. Baba akanisubiri nimalize. Halafu akanyoosha mkono akashika kiatu kimoja, akakigeuza, akaona kinavyong'aa.

"Umevifuta wewe?"

"Eee."

"Basi nivalishe. Mtu hapandi pikipiki kama ile bila viatu."

Nilimvalisha. Ilichukua muda, kwa sababu vidole vyake vilijikunja vyenyewe na hakuweza kunisaidia. Vilikuwa na joto bado. Nimeishi miaka mingi tangu wakati ule, na hilo ndilo lililonichukua muda mrefu kulikubali, kwamba kitu kinaweza kuwa na joto mkononi mwako na kisirudi.

Walimtoa nje wakampandisha nyuma ya mama, wakamfunga vitenge. Fundi Idi alichuchumaa nyuma ya pikipiki, akasema springi ina pete ya kukazia au kulegezea, nayo hupangwa kulingana na uzito wa wapandaji. Akawaambia watulie. Alitazama springi, akangoja, springi hazikushuka. Akachukua spana yake ndefu akalegeza pete, akatazama tena. Akalegeza tena. Mwisho akainuka, akijifuta mikono kwenye suruali.

"Pete imefika mwisho," alimwambia mama kwa sauti ambayo sikuijua kuwa anayo. "Nilipanga kwa uzito wa mwanaume na mke wake. Kumbe amepungua sana."

"Itamsumbua?" mama aliuliza.

"Hapana. Hivi ndivyo itakavyokuwa laini. Na upepo kwenye tairi usijaze sana."

Baba alisikia yote. Kidevu chake kilikuwa begani kwa mama. "Washa twende," alisema, "kabla sijapungua nikadondoka."

Kipindi kilichofuata ndicho ninachokishika zaidi. Walikwenda mjini na kurudi, na baba hakuuma tena kanga. Alirudi na habari: nani amepanda pamba mapema, daraja gani limebomoka, nani amejenga kwa matofali ya kuchoma. Pale Mhunze vijana wa vijiweni walimcheka mama kwamba amebeba mume mgongoni, baba akawajibu, "Na ninyi tafuteni wa kuwabeba." Mara moja nilipandishwa mbele, juu ya tangi, tukapita kandokando ya mashamba ya pamba iliyopasuka. Nilisikia moyo wa mama mgongoni mwangu, na nyuma yake sauti ya baba ikiimba wimbo wa kulimia. Kila ulipotokea ufa mkubwa pikipiki ilizama na kuinuka, na wimbo haukukatika.

Niliamini tena. Safari hii sikuamini kwamba atatembea, niliamini tu kwamba tutaendelea hivyo hivyo.

Mvua za kwanza zilipoanza baba alipata homa. Kidonda cha mgongoni kilikuwa kimeingia ndani zaidi ya walivyokuwa wanaona, na mkojo wake ulibadilika rangi. Mama alimfunga vitenge asubuhi kukiwa na manyunyu, udongo haujalowa sana. Walipofika hospitalini na manesi wakawa wanamfungua, baba alimwambia mama, "Leo sijaisikia barabara hata kidogo."

Mama alifurahi. Alipotoka pale alipitia Mhunze kwa makusudi, akamwambia Fundi Idi kwamba kazi yake ni ya kweli, kwamba mgonjwa amesafiri njia nzima hakusikia hata jiwe. Fundi Idi hakufurahi naye. Alimwuliza tu, "Alikuwa anaongea njiani?" Mama akasimama pale gerejini na funguo mkononi, akikumbuka. Hakuwa ameongea. Alikuwa ameegemea mgongo wake mzima mzima, akawa mzito kuliko siku zote, na mama alikuwa amedhani kwamba amesinzia kwa raha.

Aligeuza pikipiki akarudi mjini. Alimkuta hai lakini hakumjibu tena. Haikupita siku tukaletewa habari.

Tulimzika mvua ikinyesha. Nakumbuka majembe yakibeba tope badala ya udongo. Mama hakupiga kelele kama wanawake wengine. Alikaa kwenye mkeka, kitenge kile cha kifuani amejifunga mwenyewe, mpaka watu wakaanza kutawanyika.

Matanga yalipoanuliwa wakubwa wa ukoo walikaa barazani, na walipomaliza, baba mdogo Ngasa alimfuata mama uani. Kucha zake zilikuwa zimeota upya, zimepinda. Hakukaa.

"Shemeji, pikipiki ni ya kaka, na kaka ni wa ukoo. Wamesema niichukue nikafanyie kazi Geita. Na wazee wetu sasa wananitegemea mimi kwa matumizi."

"Ile ya zamani ungeichukua?" mama alimwuliza.

Baba mdogo alitazama ringi zile nyeusi. "Ile ya zamani ilikuwa chuma chakavu. Ningekuachia."

"Basi."

Mama alimpa funguo. Hakugombana, na kwa miaka mingi nilitamani angegombana. Sasa niko karibu na umri aliokuwa nao siku ile, na naelewa kwamba alikuwa anamtazama mtu aliyepoteza kucha zake akimfukua mume wake.

Baba mdogo alikalia pikipiki. Alikuwa mtu mkubwa, na nyuma ilishuka mpaka madigadi ikakaribia tairi. Akainuka akakaa tena, ikanesa.

"Nani amelegeza springi namna hii?" alisema. "Hii haifiki popote na mzigo."

Akashuka, akatoa spana kwenye kisanduku cha chini ya kiti, akachuchumaa, akaanza kukaza pete. Ile sauti ya chuma juu ya chuma ilinifikia nilipokuwa nimesimama mlangoni, na maneno yakanitoka kabla sijayafikiri.

"Baba mdogo, usikaze. Utamuumiza."

Mkono wake ukasimama. Aligeuka akanitazama, spana ikiwa bado imeuma pete.

"Mwache akaze, Kabula," mama alisema. "Hakuna mgongo wa kuumia tena."

Baba mdogo aliinamisha kichwa. Kisha akamalizia kukaza, taratibu, akairudisha spana mahali pake. Alipoinuka hakuipanda. Aliisukuma kwa mikono, akapita nayo kando ya zizi na kando ya kaburi, mpaka barabarani, ndipo akaiwasha.